Siku Niliyoanika Kinanda

Aibu hii sikusingiziwa na mtu, niliitengeneza mwenyewe kwa mikono yangu miwili kama nilivyokuwa nikitengeneza redio za watu, na kama kati yenu yupo aliyekuwa akiishi Kilwa Masoko miaka ile basi anaijua tayari, ila namwomba anyamaze aniache niisimulie mimi, maana kila anayeisimulia huongeza lake. (Wapo wanaosema kinanda kilishika moto. Hakikushika moto. Kingeshika moto ningekuwa na la kujitetea.)

Wakati ule nilikuwa fundi redio. Kwetu ni juu, uwanda wa Makonde, ila niliteremka pwani kufuata riziki nikafungua kibanda Masoko, mkabala na wauza nazi, na kwa kuwa ndiyo ilikuwa miaka ya ruksa, bidhaa zinaingia za kila namna, watu walikuwa wanashuka kwenye basi pale Nangurukuru na redio kaseti mabegani, zenye taa nyekundu na kijani, na redio hizo zilikuwa zinaharibika upesi kuliko zile nzito za zamani, kwa hiyo mimi kazi sikukosa. Kinanda nilijifunza misheni nikiwa mdogo. Jumapili nilikuwa napiga kanisani, na siku nyingine nilikuwa napigia kikundi cha taarabu cha akina mama wa hapo mjini, karibu wote Waislamu wa pwani hasa, wenyeji wa tangu na tangu, na hakuna aliyeona ajabu isipokuwa katekista wetu, naye alinyamaza siku mkewe alipojiunga na waitikiaji.

Kikundi kilikuwa na kinanda kipya. Tajiri mmoja alikileta kutoka Dubai, cheusi, chembamba, unabonyeza namba kinatoa violini, unabonyeza namba nyingine kinatoa filimbi, unabonyeza nyingine tena ngoma inajipiga yenyewe wewe umekaa tu. Kilikuwa kizuri, sisemi uongo. Ila kadiri nilivyokipiga ndivyo kilivyoniudhi, kwa sababu violini ile haikuwa yangu, kuna mtu huko mbali asiyenijua wala kuijua Kilwa aliyekaa mezani akaamua violini italia hivi, basi, na kila kikundi chenye kinanda kama hicho, cha Lindi, cha Mtwara, cha Dar es Salaam, kilikuwa kinalia violini ileile. Ukifumba macho hujui uko harusi ya nani.

Ndipo nikapata cha zamani. Kilikuwa cha bendi ya dansi ya shirika moja la umma kule Lindi, shirika likafa, bendi ikafa, vyombo vikatawanyika, na hiki kikaangukia kwa mzee mmoja wa Mchinga ambaye alikuwa akikitumia kama meza ya kuwekea taa. Nilimtengenezea redio, yeye akanipa kinanda, na kila mmoja wetu alidhani amempunja mwenzake. Kilikuwa kizito kama mfuko wa saruji. Kifuniko chake cha bati kimepakwa rangi nyeusi, na juu yake kuna vifundo vya kuzungusha, nilivihesabu, thelathini na moja, vinne havina vichwa. Namba hakina, violini hakina, filimbi hakina. Nilipokwisha kukifungua na kuchomelea sehemu zilizoachia na kubadilisha transista moja iliyoungua (niliweka ya redio, iliyokaribia kufanana nayo, hilo mlishike, ndilo lililoniua baadaye), nikakiwasha, kikatoa mlio mmoja mrefu mkavu kama msumeno unaokata bati, na mke wangu Paskalina akatoka jikoni kuja kuangalia nimeumia wapi.

Hakuna kitabu, hakuna mwalimu. Nilijifunza kwa kuzungusha kifundo kimoja, kusikiliza, kukirudisha, kuzungusha kingine. Wiki ya kwanza nilidhani kimeharibika. Wiki ya pili nikaanza kuelewa kwamba sauti haiji ikiwa imekamilika, unaijenga, una mlio mbichi kwanza, mkali au mtupu kama mtu anapuliza chupa, halafu kuna sehemu ya kuuchuja ule ukali, unaacha upite mwingi au kidogo, halafu unaamua uanzeje, kwa ghafla kama kofi au polepole kama mtu anayeamka, na ukiuachia ufe vipi. Mtu akishajua hayo hawezi tena kusikiliza kitu kwa amani. Nilikuwa nasikiliza birika likichemka nikijiuliza ningelitengenezaje. Nilitengeneza chura. Nilitengeneza cherehani ya fundi nguo wa jirani, hata yeye akasimama kuangalia nani anashona. Paskalina alisema kila kitu ninachotengeneza mwishoni kinalia kama mbuzi aliyefungiwa nje, na hakukosea sana.

Nilichokuwa nakitafuta kwa kweli ni zumari. Ile zumari ya ngoma za huku pwani, yenye sauti ya puani, inayokwaruza kidogo kabla haijanyooka. Miezi mitatu niliitafuta. Na kwa kuwa kile kinanda hakikumbuki chochote, ukizima umeanza upya, nilinunua daftari la shule nikachora vifundo vyote thelathini na moja kila ukurasa, na kila kimoja nikakitia mshale unaonyesha kimeelekea wapi. Ukurasa wa mwisho wa daftari niliandika ZUMARI kwa herufi kubwa nikapiga mstari chini yake, mara mbili.

Sasa niwajulishe Bi Somoe. Bi Somoe ndiye alikuwa mwimbaji mkuu wa kikundi, mama wa makamo aliyekwisha kupata wajukuu, mwembamba, anaongea kidogo, mchana anauza dagaa wa kukaanga, na akishika maiki hata wapishi wanatoka nyuma na miko mikononi. Alikuwa na wimbo wake mmoja, wa jirani mchunguliaji, wenye beti nyingi, na ubeti wa mwisho una mahali sauti inapanda juu inakaa huko, inakaa, watu wanasahau kupumua, halafu ndipo inashuka. Mahali pale ndipo palipomfanya ajulikane kuanzia Kivinje hadi Lindi. Nilipompigia ile zumari yangu mara ya kwanza, kibandani, alifumba macho akasikiliza mpaka mwisho.

"Hii ina pumzi," akasema. "Ile nyeusi haina."

Maneno hayo mawili matatu yaliniharibu. Kichwa kilivimba. Akina mama wengine walitaka tuendelee na kinanda kipya, kimezoeleka, chepesi kubeba, mwenyekiti wao akasema wazi kwamba hamwamini yule mkongwe, lakini mimi nikashikilia, na kwa kuwa Bi Somoe alikuwa upande wangu, tukakubaliana kwamba katika harusi inayofuata, nyimbo zote zitapigwa kwa kipya na ule wa jirani utapigwa kwa zumari yangu.

Harusi yenyewe ilikuwa ya mtoto wa mfanyabiashara mmoja wa hapo Masoko. Sherehe ya akina mama ilianza baada ya adhuhuri, uwanjani nyuma ya nyumba, turubai kubwa limefungwa kutoka ukutani hadi kwenye miti, viti, mikeka, biriani inanukia, na jenereta limewekwa mbali ili lisitushinde kelele. Wageni walitoka hadi Lindi, na pamoja nao kilikuja kikundi kingine cha taarabu cha huko Lindi, kilichoalikwa na upande wa bibi harusi. Tulipangiwa tuanze sisi, wao wafuate. Upande wetu tulikuwa na waitikiaji kumi na mbili, Saidi mpiga ngoma, na mimi. Gitaa hatukuwa nalo, kwa hiyo chombo cha kushika sauti ya wimbo kilikuwa changu peke yangu. Waimbaji wote walikuwa wananifuata mimi.

Saidi aliweka meza yangu mahali pazuri, ndani kabisa ya kivuli. Mimi nilipofika nikaitazama nikaona sionekani. Mbele yangu kulikuwa na spika, kando kuna nguzo, na wageni wote wa Lindi wangesikia zumari wasijue inatoka wapi, labda wangedhani ni kaseti. Vifundo thelathini na moja, miezi mitatu, halafu mtu asione? Nikaisogeza meza. Hatua mbili tu mbele na moja kushoto, kando kidogo ya turubai, ambapo kila aliyekaa angeniona nikizungusha. Saidi akaniambia hapo kuna jua. Nikamwambia jua langu mwenyewe, nimezoea, mimi nimelima mihogo. (Nilidhani jua litanichoma mimi. Sikuwaza kwamba kuna mwingine atakayechomeka.)

Nyimbo za mwanzo tulipiga kwa kinanda kipya, nimekiweka juu ya magoti, ndani ya kivuli, zikaenda vizuri. Kile cha zamani kilikuwa mezani kimewashwa tayari, kinangoja zamu yake juani. Nilikuwa nimeshafungua daftari, nimepanga vifundo vyote, na mwanzoni nikapapasa noti moja kwa sauti ndogo nikailinganisha na ya kinanda kipya, zikalingana. Kwa hiyo msije mkasema sikupima. Nilipima. Nilipima mara moja, kikiwa bado hakijapata moto.

Ulipofika wimbo wa jirani nilihamia mezani, nikaweka mkono, na zumari ikatoka. Sijapata kuisikia nzuri kama siku ile. Wageni waligeuka. Nikamwona mpiga kinanda wa Lindi, kijana mrefu wa miwani, anasimama kwa vidole ili aone, na mimi nikageuza kifundo ambacho hakikuwa na kazi yoyote, ili tu anione nageuza. Bi Somoe akaingia, waitikiaji wakampokea, vigelegele, akina mama wakaanza kuja kumtunza mmojammoja wakicheza, na kama mnavyojua, wakija kutunza wimbo haumaliziki, unarudia ubeti, unarudia kiitikio, unangoja shangazi wa bwana harusi amalize kuzunguka, halafu unarudia tena.

Jua nalo linasogea. Na ile transista ya redio niliyoichomelea ndani, ambayo kibandani kwangu kivulini ilitulia isipokuwa dakika chache za mwanzo, ilikuwa chini ya bati jeusi kwenye jua la saa nane mchana, na kadiri ilivyopata moto ndivyo sauti nzima ya kinanda ilivyokuwa inapanda. Haikupanda kwa kuruka, maana ingeruka hata mtoto angesikia. Ilipanda kama maji yanavyojaa pwani, ukitazama huoni, ukigeuka umelowa. Kingekuwa na vyanzo viwili vya sauti vilivyo hai, vingegombana nikasikia, lakini kimoja kilikufa zamani nikabaki na kimoja, na kimoja kikipanda peke yake hakuna wa kukishtaki. Sikio langu lilipanda nacho. Waitikiaji walipanda nacho. Bi Somoe, mwenye sikio kuliko sisi wote, alipanda nacho, ila yeye tofauti yake ni kwamba alikuwa anaisikia kooni.

Aligeuka akaniangalia. Akashusha kiganja, hivi, taratibu, ishara ya kushusha. Nikaelewa. Yaani nilidhani nimeelewa. Nikapunguza ukubwa wa sauti. Akaimba ubeti mwingine, akageuka tena, akashusha kiganja kwa nguvu zaidi, uso umekunjamana, nami nikapunguza zaidi nikimtikisia kichwa kwa adabu, kana kwamba namwambia usijali mama, nipo. Saidi alipoona kinanda kimefifia akadhani ni wakati wa ngoma, akaongeza. Sasa Bi Somoe anaimba juu kuliko alivyowahi kuimba wimbo ule maishani mwake, amesimama karibu na jua, ngoma zinamzidi, kinanda anakisikia kwa mbali, analazimika kupaza. Waitikiaji wawili watatu walishanyamaza, wanapiga makofi tu. Nilimwona Hadija, mkwewe aliyekuwa akiitikia pembeni yake, akimwangalia shingo.

Angeweza kuumaliza wimbo kabla ya ubeti wa mwisho. Nadhani alitaka. Lakini shangazi wa bwana harusi alikuja hadi mbele na tuzo mkononi akimwomba ule ubeti, na wageni wa Lindi walikuwa wakiungoja, wengine wamesimama. Akavuta pumzi. Akapanda. Alipofika pale mahali pake, pale anapokaa watu wakasahau kupumua, sauti ilikatika. Ilitoka kama kitambaa kinachanika, ikawa kikohozi, akajaribu tena, haikuja kabisa. Akabaki ameshika maiki, mdomo wazi, na mimi vidole vyangu bado viko pale pale vinapiga zumari.

Halafu mwanamke mmoja nyuma akacheka, kicheko kile cha kuziba mdomo, na kikaambukiza. Mshereheshaji akachukua maiki akasema mama amechoka, apewe maji, umri nao una haki yake. Alisema kwa nia njema. Bi Somoe alienda kukaa kwenye mkeka akavuta kanga kichwani mpaka machoni.

Kikundi cha Lindi kikaingia mara moja. Yule kijana wa miwani akabonyeza noti ya kuanzia, na mimi ambaye mkono wangu ulikuwa bado mezani nikabonyeza ileile kwa kucheza tu. Hazikulingana. Yangu ilikuwa juu. Nikashuka noti moja, bado ilikuwa juu. Nikashuka nyingine, zikalingana. Nikaweka kiganja juu ya bati nikakiondoa upesi, lilikuwa la kukaangia.

Nilijua hapohapo. Sitaki kuwadanganya kwamba ilinichukua siku kuelewa. Nilielewa kabla yule kijana hajamaliza mstari wa kwanza. Na ningeweza kusimama nikamwendea mshereheshaji, hatua kumi tu, nikasema kosa ni langu. Badala yake nilikizima kinanda nikakirudisha kivulini, na hapo mzee mmoja, mgeni wa Lindi, akaja kunipa mkono, akasema zumari ile imemrudisha utotoni, akauliza nimeipataje. Nikamweleza. Nilimweleza kwa kirefu, nikamwonyesha na daftari.

Tulipokuwa tunafunga vyombo Bi Somoe alinijia. Sauti yake ya kuongea ilikuwa imekauka.

"Nisamehe fundi," akasema. "Umepiga vizuri, mimi ndiye niliyekuangusha."

Nami, mtu mzima, baba wa watoto watatu, nikamjibu, "Si kitu, Bi Somoe."

Mji mdogo hauhitaji gazeti. Kesho yake habari ilikuwa sokoni, keshokutwa Kivinje, na mwisho wa wiki mteja wangu mmoja aliyetoka Njinjo na redio yake alinihadithia kama habari mpya, kwamba yule mama wa taarabu kaishiwa sauti mbele ya watu. Wateja walikuwa wananipa pole mimi, eti kuharibiwa kazi nzuri vile. Nilizipokea. Kila pole niliyoipokea ilifanya ya kesho yake iwe ngumu kuikataa. Kwenye mkutano wa kikundi, mwenyekiti akasema kwa heshima zote kwamba huenda wakati umefika Bi Somoe akapumzika, Hadija ashike nafasi, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale kwenye benchi nikichokonoa waya. Hadija akasema hataki. Wakasema atazoea. Siku chache baadaye Paskalina akaniambia kwamba Bi Somoe amerudisha sare ya kikundi, ameikunja vizuri akampelekea mwenyekiti nyumbani, na kwamba anakunywa tangawizi na asali asubuhi na jioni akidhani ana ugonjwa wa koo. Kisha akaniuliza mbona sili. Nikamwambia nimeshiba.

Wiki ya tatu, asubuhi, nikiwa nimeinamia redio, nikasikia hodi. Nilipoinua kichwa nikamwona Bi Somoe. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, nikamvutia kigoda. Akatoa kaseti kwenye pindo la kanga. Mtu mmoja alikuwa amerekodi ile harusi na amempa nakala, akasema, na kwake hana chombo cha kuchezea, na anataka kusikia alikosea wapi ili roho yake itulie, maana yeye hakumbuki kukosea.

Ningesema mashine zote mbovu. Kibanda kizima kimejaa redio, nitasema mbovu? Nikaiweka. Tukasikiliza wote wawili, mimi nikijifanya nafuta vumbi. Ilipofika mwisho, pale inapochanika, hakutikisika. Akaniomba nirudishe mwanzo kabisa. Alipoimba mstari wa kwanza akanyanyua kidole nisimamishe, na akaushika ule mstari mdomoni, akawa anauvumisha kwa pua bila kuuachia. Akaniashiria nipeleke mbele. Nikapeleka mpaka ubeti wa mwisho. Yeye bado anavumisha ile ya mwanzo. Kaseti ikaanza kuimba juu yake, na hazikukutana. Hata mpita njia angesikia.

Akaacha kuvumisha. Akanitazama, wala si kwa hasira, alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Fundi, kinanda kinapanda?"

Nikamwambia kinapanda. Nikamwambia yote, jua, bati, transista, meza niliyoisogeza na kwa nini niliisogeza. Alisikiliza mpaka mwisho kama alivyosikiliza zumari.

"Na uliyajua haya lini?"

Hilo swali ndilo nililokuwa nikiliogopa kuliko yote. Ningeweza kusema leo. Nikasema, "Siku ileile, kabla hujanijia."

Aliondoka kwenye kigoda akakunja kaseti yake kwenye kanga. Sikutukanwa, na afadhali angenitukana. Alisema tu kwamba yeye alichekwa mbele ya watu, kwa hiyo haya nayo yasemwe mbele ya watu, Jumamosi kuna mazoezi, na kile kinanda nije nacho.

Jumamosi nilikwenda nacho. Akina mama wote walikuwepo, na habari kwamba kuna jambo ilikuwa imeshavuja kwa hiyo walikuwepo na majirani, na wauza nazi wangu wawili, na katekista (alisema alikuwa anapita). Nilisimama nikaeleza, lakini nilipofika kwenye transista niliona nyuso zao hazielewi, na mwenyekiti akasema fundi anajaribu tu kumstiri mama, ni tabia njema. Nikaona hapana njia nyingine. Nikatoa meza uani, juani katikati, nikakiwasha, nikaweka kijiti cha kiberiti kati ya noti mbili ili moja ibaki imebonyezwa, nikamwomba Hadija aishike noti ileile kwa kinanda kipya kivulini, tukangoja. Mnajua ilivyo vigumu kusimama mbele ya watu arobaini mkisikiliza noti moja? Dakika ya kwanza hakuna kitu. Dakika ya tano watoto wakaanza kuchoka. Halafu noti mbili zikaanza kutikisana, wau, wau, wau, kisha zikaachana kabisa, yangu ikaenda zake juu polepole bila haya, na hapo akina mama wakaanza kucheka. Walicheka mpaka wakakaa chini. Saidi alijishika kwenye nguzo. Yule mwenyekiti peke yake hakucheka, alimwendea Bi Somoe akasema naye maneno ambayo sikuyasikia, na Bi Somoe akatikisa kichwa, ndiyo au hapana, sikujua.

Nilibaki nimesimama juani na mbuzi wangu analia. Kuanzia siku hiyo jina langu Masoko likawa Fundi Anika. Watoto wangu waliitwa Anika shuleni. Mteja akileta redio alikuwa akiniuliza kwanza kama nitaiweka kivulini.

Bi Somoe alirudi kuimba. Haikuwa mara moja, alikaa kama miezi miwili akiwaacha wambembeleze, na alikuwa na haki. Alipokuja aliniwekea sharti moja, kwamba kabla ya kila wimbo yeye anatoa sauti kwanza, mimi ndiye nimfuate, na nikishamfuata nimwangalie yeye, si wageni. Tulifanya hivyo miaka mingi. Wengine wa kikundi walinisamehe siku ileile ya kucheka. Yeye aliendelea kunisalimia vizuri, kuniulizia watoto, kuniletea dagaa, lakini hakuwahi tena kuja kibandani kusikiliza sauti mpya niliyotengeneza, na mimi sikuwahi kumwita.

Ile transista niliibadilisha baadaye, nilipata ya kweli kwa mtu aliyetoka Dar, na kinanda kikatulia. Bado ninacho. Kukisogeza juani nimekoma, hilo halihitaji kiapo. Nilichojiapia ni hiki kingine, kwamba nikikosea mbele ya watu nitasema palepale, kabla mtu hajaja kuniomba radhi kwa kosa langu. Paskalina anasema nimepitiliza. Jumapili moja kanisani nilibonyeza noti isiyo yake katikati ya wimbo wa matoleo, kwaya ikayumba, nikasimamisha kinanda nikatangaza kwamba hao wanakwaya hawana kosa, ni mimi. Kanisa zima likageuka. Padri alisimama na chetezo mkononi, akaningoja nimalize, kisha akaniuliza kama yapo mengine au tuendelee.